Kibali cha kazi Ujerumani, na zile yuro 559 na senti 80

Nimekuwa kimya kwa miezi mingi na sababu wengi mnaijua: nilihama. Niko Leipzig, Ujerumani, tangu Aprili 2025, naandika programu za kuhesabu mizigo kwenye maghala, na tangu nifike barua pepe ninazopata si za Linux wala za hifadhidata tena. Ni swali moja tu linaloulizwa kwa namna mia: ndugu, kibali ulikipataje? Wengine wanauliza nilimpa nani pesa. Mmoja ameniuliza, kwa heshima zote, kama nina mjomba ubalozini :-)

Basi leo nitaeleza kwa kirefu ili nisirudie. Nitaeleza nilivyopitia mimi, mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi na miaka mitano ya kazi Nairobi, na pale ambapo njia yangu si yako nitasema. Jambo moja naomba mlishike mapema, maana mengine yote yanatokana nalo: kibali cha kazi hakipimi kama unajua kuandika programu. Kampuni ilinipima, naam, mara tatu, na mara ya tatu walinitoa jasho. Lakini serikalini hakuna mtu hata mmoja aliyefungua faili niliyoandika. Kinachopimwa huko ni karatasi mbili, cheti chako na mkataba wako, na ndani ya mkataba macho yote yako kwenye tarakimu moja: mshahara. Yangu mimi ilipungua kwa yuro 559 na senti 80, na kwa wiki tatu maisha yetu nyumbani yalining'inia hapo.

Kwanza tuondoe uvumi. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi kule Berlin, mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Kabla jua halijatua ilikuwa imeenea kila mahali kwamba Ujerumani imefungulia Wakenya nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe ilitoka hadharani ikasema hakuna idadi yoyote katika makubaliano hayo. Hata hivyo mpaka leo nikipiga simu nyumbani kuna mzee mmoja wa ukoo ananiuliza kama niliingia "kwa ile ya Ruto". Hapana mzee. Makubaliano yale hayampi mtu yeyote kibali. Masharti yaliyoko kwenye sheria ya Ujerumani yanabaki yale yale kwa Mkenya, kwa Mhindi na kwa Mbrazili.

Niliyoipata mimi inaitwa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya. Iko Ujerumani tangu 2012, na masharti yake yalilegezwa Novemba 2023. Kwa mtu wa programu kuyasoma ni raha kidogo, kwa sababu yameandikwa kama masharti ya "ikiwa... basi". Uwe na shahada inayotambulika. Uwe na mkataba wa kazi inayolingana na usomi wako, usiopungua miezi sita. Mshahara wako usiwe chini ya kiwango cha mwaka huo. Yakitimia yote, unapewa, hakuna kura. Linganisha na Marekani, ambako viza ya H-1B ina nafasi 85,000 kwa mwaka kwa kampuni za kawaida na waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo majina yanachujwa kwa bahati nasibu, na tangu Septemba 2025 kuna ile ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi hiyo. Uingereza nayo mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini wageni, na mshahara wa kawaida unaotakiwa ulipanda hadi pauni 41,700 Julai 2025. Mimi nilikuwa nimetuma maombi ya kazi kote huko. Ujerumani ndiyo iliyojibu, na nikashukuru.

Haya, cheti. Wajerumani wana hifadhidata inaitwa anabin, iko wazi kwenye mtandao, mtu yeyote anaweza kuitafuta bila kulipa. Imeandikwa kwa Kijerumani na sura yake ni ya zamani, lakini usiogope. Unatafuta Kenya, unatafuta chuo chako, unaangalia kama kimewekewa alama ya H+. Hiyo ina maana chuo kinatambulika. Kisha unatafuta aina ya shahada yako kuona kama inahesabiwa kuwa sawa na ya Ujerumani. Mambo mawili tofauti hayo, na watu wengi wanaishia kwenye la kwanza wakishangilia. Chuo changu kilikuwa na H+, lakini shahada yangu kwa jina lake haikuwamo. Ikabidi niombe tathmini ya cheti kutoka ofisi kuu yao ya elimu ya kigeni, ile inayojulikana kwa kifupi ZAB. Ada ni yuro 208. Unatuma nakala za cheti na za alama zako zote kwa njia ya mtandao, halafu unasubiri.

Hapa niseme kitu kwa walio bado chuoni. Kamilisheni mambo yenu ya chuo. Nina mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja miaka minne, akili yake nzuri kuliko yangu, na cheti chake kimezuiliwa mpaka leo kwa sababu ya deni la karo. Nairobi hakuna aliyewahi kumwuliza cheti hicho, maana waajiri walitazama kazi yake wakaridhika. Huku bila karatasi ile asingekuwa na la kuonyesha. Nilipokuwa nalipa lile deni langu la mwisho mwaka 2019 nilinung'unika sana, nikiona nanunua karatasi ya kutundika kwa mama ukutani.

Sasa tufike kwenye mshahara, ambako ndiko kwenye kisa.

Kiwango cha mshahara cha Kadi ya Buluu hakiwekwi kwa kukisia. Ni asilimia ya kiasi kingine: ule mshahara wa juu kabisa unaokatwa mchango wa pensheni Ujerumani. Kazi za kawaida ni asilimia 50 yake. Kazi zenye upungufu wa watu, na za tarakilishi zimo, ni asilimia 45.3. Kiasi hicho cha pensheni hubadilishwa kila mwaka kufuata mishahara ya nchi, kwa hiyo kila tarehe 1 Januari kiwango nacho kinaruka. Mwaka 2024 kiasi cha pensheni kilikuwa yuro 90,600, kwa hiyo kiwango chetu sisi wa programu kilikuwa 41,041.80. Mwaka 2025 kikawa 96,600, na kiwango 43,759.80. Mwaka huu wa 2026 ni 101,400, na kiwango 45,934.20. Pigeni hesabu wenyewe mtaona.

Mimi nilipewa kazi Oktoba 2024. Mshahara: yuro 43,200 kwa mwaka kabla ya makato, yaani 3,600 kwa mwezi. Nilifurahi mno, si siri. Ni kama shilingi milioni sita kwa mwaka na mimi nilikuwa sijawahi kufika hata nusu yake. Nilitazama kiwango cha 2024, nikaona nimekivuka kwa zaidi ya yuro elfu mbili, nikatia saini. Kampuni ikatia saini. Tathmini ya cheti ilikuwa bado njiani na bila hiyo nisingeweza kupeleka faili ubalozini. Ilipofika, miadi niliyoipata Nairobi ilikuwa ya Januari 2025.

Katikati ya Novemba kiwango kipya kikajulikana. Nilikuwa nimeketi kwenye matatu ya kwenda Rongai, msongamano kama kawaida, nikatoa simu nikapiga hesabu. 43,759.80 kutoa 43,200. Nikarudia, kama vile simu ingejuta ikanipa jibu lingine. 559.80.

Gawa kwa miezi kumi na miwili: yuro 46 na senti 65 kwa mwezi. Chini ya shilingi elfu saba. Watu wa Nairobi wanatumia zaidi ya hapo kwa nyama choma mwisho wa mwezi.

Niwe mkweli kuhusu kilichokuwa hatarini, maana nimeona watu wakikuza mambo haya. Kazi yenyewe haikuwa inapotea. Ujerumani ina kibali kingine cha kawaida kwa mfanyakazi mwenye shahada, na hicho kwa mtu wa umri wangu hakina kiwango kilichowekwa cha mshahara. Mwanasheria wa kampuni alilisema hilo mara moja: tusibahatishe na Januari, tuombe hicho cha kawaida, kijana atakuja na atafanya kazi ile ile kwenye meza ile ile. Kwa kampuni hakuna tofauti. Tofauti iko kwa mwenye kibali. Wa kawaida anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu. Wa Kadi ya Buluu anaweza baada ya miezi 27, na akijua Kijerumani cha kiwango cha B1 ni miezi 21. Na mke au mume wa mwenye Kadi ya Buluu haulizwi cheti cha Kijerumani kabla ya kuja, tena akifika anaruhusiwa kufanya kazi yoyote.

Mke wangu ni mhasibu. Kijerumani alichokuwa nacho wakati ule ni majina ya magari. Mtoto wetu alikuwa na miezi minane. Tulikuwa tumekubaliana kitu kimoja kabla sijatuma hata ombi la kwanza: hatutaishi mbalimbali zaidi ya miezi sita. Yeye ndiye aliyeliweka sharti hilo, na alikuwa na haki. Babake alifanya kazi Ghuba miaka tisa na akarudi mgeni nyumbani kwake. Kwa hiyo jioni ile nilipofika na ile hesabu yangu hakusema mengi. Aliuliza tu, "Na hao watu, umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Na hapa naongea na ninyi wenzangu wa programu, kwa sababu najua tulivyo. Tunaweza kubishana usiku kucha kama seva itumie hiki au kile, lakini kumwambia mwajiri "ongeza pesa" tunaona aibu, hasa mwajiri wa ng'ambo, hasa baada ya kutia saini. Tunahisi tumefanyiwa hisani. Sasa fikiria: kampuni ile ilikuwa imetafuta mtu wa nafasi yangu kwa miezi. Ilikuwa imeshalipa mwanasheria. Yuro 560 kwake ni nini?

Nikaandika barua pepe fupi kwa mama wa idara ya wafanyakazi. Sikulia shida. Niliweka viwango vya miaka miwili, tarehe ya miadi yangu, ile tofauti, na ombi moja: mshahara uwe 43,800. Nikaongeza kwamba naelewa kibali cha kawaida kipo, na nikaeleza kwa sentensi mbili kwa nini kwangu si sawa. Jibu lilichukua siku tisa. Siku tisa hizo sitazieleza. Jibu lenyewe lilikuwa kwamba mishahara yao imepangwa kwa ngazi na wakimwongezea mmoja watu wa ngazi ile watauliza. Nikaandika tena, safari hii nikamweka na kiongozi wa timu yangu mtarajiwa kwenye barua hiyo. Huyo mzee (namwita mzee, ana miaka 41) alijibu wote kwa mstari mmoja kwamba anamtaka mtu huyu na familia yake, asiyekaa akiwaza nyumbani. Wiki iliyofuata mkataba mpya ukaja. 43,800. Yuro arobaini na senti ishirini juu ya kiwango.

Mngedhani kisa kimeishia hapo. Bado.

Pamoja na mkataba kuna fomu nyingine ambayo mwajiri anaijaza, tamko kuhusu ajira, na hiyo ndiyo inayosomwa na Shirika la Ajira la Shirikisho. Ukiombea Kadi ya Buluu kwa kile kiwango cha chini cha asilimia 45.3, shirika hilo lazima likubali kwanza, na linaangalia kama unalipwa na kufanyishwa kazi sawa na Mjerumani wa kazi hiyo hiyo. Ukiwa juu ya asilimia 50 huhitaji idhini yao. Mimi naiona sheria nzuri, kwa njia: bila hiyo tungechukuliwa kwa bei ya kutupa na wenyeji wangetuchukia kwa haki.

Sasa fomu ilipofika kwangu, nilifanya kile ambacho kazi imenifundisha. Niligeuza mkataba na fomu kuwa maandishi matupu, nikachambua mistari yenye tarakimu tu, nikaiweka kwenye faili mbili, nikaendesha diff. Sekunde moja. Mkataba: 3,650 kwa mwezi. Fomu: 3,600. Mtu alikuwa amechukua fomu ya Oktoba akabadilisha tarehe. Faili ile ingekwenda hivyo, shirika lingesoma 43,200, na mimi ningekuwa nyumbani nasubiri nikijua kila kitu kiko sawa. Nikaandika tena Leipzig, wakasahihisha siku ile ile na wakaomba radhi. Kama kuna kitu kimoja mtakichukua kwangu cha kutenda kwa mikono yenu, ni hicho: linganisheni fomu na mkataba, tarakimu kwa tarakimu, saa za kazi, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, herufi za jina lako kama zilivyo kwenye pasipoti. Msimwachie mtu.

Wakati hayo yote yanaendelea mamangu Eldoret alikuwa na hofu yake mwenyewe. Mnakumbuka mwaka 2023 mji mzima ulivyoongea juu ya wazazi waliolipia watoto wao waende kusoma Finland na Canada, wengine waliuza mashamba, na pesa zikakwama. Kwa hiyo kila Jumapili ilikuwa simu ile ile.

"Umempa nani pesa, baba?"

"Sijampa mtu pesa, mama. Wao ndio watanilipa."

"Hakuna mzungu anapeana kazi bure. Nitajie jina lake."

Niliishia kumsomea matumizi yote kwenye simu, naye akiandika: tathmini ya cheti yuro 208, ada ya viza yuro 75, picha, nakala, na nauli ya bodaboda. Jumla haikufika shilingi elfu hamsini kabla ya tikiti ya ndege, na tikiti kampuni ilinirudishia. Mama alinyamaza kidogo kisha akasema jirani yake alimlipa wakala laki tatu na nusu kwa ahadi ya kazi Ulaya, na hana hata barua. Nawaambia hivi: mwajiri wa kweli wa kazi yetu hii hakuombi pesa. Kama mtu anakuuzia mkataba, anachouza si mkataba.

Siku ya miadi haina mengi ya kusimulia. Nilifika Riverside saa moja na nusu asubuhi nikiwa na faili mbili zilizopangwa sawa, nikaulizwa nitafanya kazi gani, nitaishi wapi mwanzoni, bima ya afya iko wapi, mkataba unaanza lini. Dakika ishirini hivi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mfumo mzima wa maghala na michoro nilikuwa nayo. Hakuna aliyeitaka michoro. Nikaenda zangu kazini, na hapo pia niwaonye: sikuacha kazi yangu ya Nairobi mpaka viza ilipokuwa ndani ya pasipoti. Mwajiri wangu wa pale alikuwa mwema, nikampa notisi ya mwezi mmoja kama mkataba ulivyosema, na mkataba wa Leipzig tuliuandika uanze Aprili ili nafasi iwepo. Viza ilitoka mwanzoni mwa Machi.

Sasa maswali mengine ninayoulizwa.

Bila shahada je? Inawezekana, na hili limekuwa jepesi tangu Novemba 2023. Kwa watu wa tarakilishi peke yao, Kadi ya Buluu inaweza kutolewa bila shahada ukionyesha miaka mitatu ya kazi ya kiwango hicho ndani ya miaka saba iliyopita, na mshahara uwe umefika kile kiwango cha asilimia 45.3. Yule mwenzangu wa karo nimemwambia aifuate njia hii. Tatizo lake si ujuzi, ni ushahidi. Miaka miwili kati ya mitano yake alifanya vibarua kwa watu waliomlipa kwa M-Pesa na kumshukuru kwa mdomo. Sasa anazunguka akiomba barua: alifanya nini, kuanzia lini hadi lini, kwa lugha gani za programu. Duka moja alilolitengenezea mfumo limeshafungwa na mwenyewe hapatikani. Wewe unayefanya vibarua leo, omba barua leo, wakati mteja bado anakupenda.

Kadi ya Fursa je? Hiyo ilianza Juni 2024, inakuruhusu kuja kutafuta kazi ukiwa huku huku, kwa pointi. Lakini lazima uonyeshe pesa za kujikimu, na mwaka 2025 ilikuwa yuro 1,091 kwa kila mwezi. Kwa mwaka ni 13,092, shilingi zinazokaribia milioni mbili, uwe nazo mkononi kabla hujapata kazi. Mwenye nazo aende. Mimi ningekuwa na pesa hizo ningetulia Nairobi nijenge kitu changu.

Mshahara unatosha? Kwa 3,650 kwa mwezi, mtu anayekatwa kodi kama mseja, mkononi inabaki kama 2,400 hivi. Makato hapa si mchezo: kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi, na ile ya kutunzwa uzeeni. Leipzig nyumba si ghali kama Munich, tunaishi. Ila msipige hesabu ya 43,800 mara kiwango cha benki mkaanza kununua ploti.

Na ukishafika, uko huru? Nusu nusu. Ndani ya miezi kumi na miwili ya kwanza ukitaka kubadilisha mwajiri, ofisi ya wageni inaweza kusimamisha hatua hiyo hadi siku 30 ikiangalia kama kazi mpya nayo inatimiza masharti, na kama haitimizi inaweza kukataa. Baada ya hapo unapumua zaidi. Nilipokuwa Nairobi nilikuwa nikichoka na bosi naandika barua ya kuacha kazi jioni ile ile. Hapa mwaka wa kwanza nilijifunza kunyamaza kwenye mikutano. Kiongozi wangu ni mtu mzuri, nimewaeleza, lakini kujua kwamba haki yako ya kuwa nchini imeshikana na uhusiano wako na ofisi moja kunabadilisha hata unavyoandika maoni kwenye msimbo wa mwenzako. Nimeona hilo kwa wengine pia, Mpakistani mmoja na Mnigeria mmoja, vijana hodari, hawabishi kamwe mpaka kadi itimize mwaka. Wenyeji wanadhani ni upole wetu wa asili.

Mke wangu na mtoto walifika Agosti 2025, mwezi wa tano tangu niondoke, kwa hiyo sharti halikuvunjwa. Hakuulizwa Kijerumani. Sasa anakijua kunishinda, maana yeye anakwenda darasani asubuhi na mimi jioni nikiwa nimechoka, na kile cha B1 ninakihitaji kabla ya Januari 2027, ambapo miezi 21 yangu inatimia. Jinsia za nomino zao ni tatu tu, der, die na das. Ungedhani mtu aliyekulia kwenye ngeli zetu angecheka. Sicheki.

Kwa wanaopewa mikataba sasa: kiwango cha 2026 ni 45,934.20, na cha 2027 kitajulikana mwishoni mwa mwaka. Kama miadi yako inaweza kuangukia Januari, omba nafasi ya kutosha juu, si yuro arobaini kama mimi. Na wanaouliza kama kampuni yetu inaajiri, kwa sasa hapana. Ikianza nitaandika hapa, na mshahara nitautaja.